Kompyuta Isiyodaiwa

Chini ya laptopu ninayoandikia makala hii kuna kibandiko kidogo, upana wa vidole viwili. Kina jina la kampuni ya gazeti na namba ya mali. Jina limefutika nusu kwa joto na jasho, maana mara nyingi naandika nimeipakata, lakini namba inasomeka vizuri tu. Kampuni hiyo ilikuwa mwajiri wangu hadi mwaka 2022.

Kisa chenyewe ni kifupi, na nadhani wengi mnaosoma hapa mna chenu kinachofanana nacho: kama si laptopu basi ni simu, ni flashi, ni koti la mvua lenye nembo ya mradi uliokwisha zamani. Nilikuwa mwandishi wa gazeti hilo mkoani Mara, makazi yangu Musoma mjini. Siku moja ikaja barua pepe ya ukurasa mmoja: ofisi za mikoani zinafungwa, asanteni kwa utumishi wenu. Ilinitaka nirudishe kitambulisho, kamera na pikipiki. Nikavirudisha vyote ndani ya wiki. Kamera niliifunga kwenye boksi nikaituma Dar kwa basi kutoka stendi ya Bweri, na risiti ninayo. Pikipiki ilifuatwa na kijana kutoka Mwanza. Laptopu haikutajwa. Nilipewa na mhariri ambaye naye alishaondoka, na bila shaka aliyeandika ile orodha hakujua kama ipo.

Nikangoja waikumbuke. Wiki, mwezi, mwaka. Hawakuikumbuka.

Na mimi nikaanza kuizoea kuwa yangu. Nikaandikia makala za kujitegemea. Mke wangu akaweka humo hesabu zake za dagaa wa Mwigobero: ndoo ngapi, nani amelipa, nani anasema kesho. Mdogo wangu akajazia humo maombi ya Bodi ya Mikopo. Jumamosi tukawa tunaangalia filamu. Ukinikuta wakati huo ukaniuliza laptopu ni ya nani, ningekujibu bila kupepesa macho: yangu.

Nilikuwa na sababu zangu. Naziweka hapa moja moja, kwa sababu nimegundua kwamba sababu zikikaa pamoja kichwani zinapeana nguvu, ila ukiziita moja moja mbele zinaanza kutetemeka.

Ya kwanza: hawajaidai. Ya pili: mimi ndiye ninayewadai wao. Waliniacha na madai ya posho za safari na nauli za miezi miwili, na thamani yake, kwa hesabu zangu, haipungui bei ya laptopu iliyotumika. Ya tatu: imechakaa. Betri inakaa dakika 40, herufi “k” mpaka uibonyeze kwa hasira. Ya nne, ambayo siisemi kwa sauti: huku kwetu ndivyo inavyokwenda. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake.

Methali hiyo ya mbuzi ningependa siku moja mtu aiandikie makala yake peke yake. Tunaitumia kama ruhusa. Dereva anayenyonya mafuta ya gari la ofisi anaitaja, karani anayechapisha kadi za harusi kwa wino wa halmashauri anaitaja. Lakini mbuzi wa methali amefungwa, na kamba amefungiwa na mtu mwingine. Kuna mwenye kamba. Sisi tukiisema tunamtoa mwenye kamba, tunabaki na mbuzi na majani.

Tarehe 14 Oktoba 2025 nilikuwa Butiama. Siku hiyo, kila mwaka, ni kumbukumbu ya kifo cha Mwalimu Nyerere, aliyefariki London mwaka 1999, na waandishi wa Mara hatuwezi kuikwepa. Watu huja kuzuru kaburi lake pale Mwitongo, wengine huingia makumbusho, sisi tunahesabu vichwa na kutafuta mtu wa kusema jambo ambalo halikusemwa mwaka uliopita. Ikatokea kwamba tarehe hiyohiyo ndiyo Microsoft waliyopanga kuacha kuihudumia Windows 10. Asubuhi nilipoiwasha laptopu niliukuta ujumbe wa kuniarifu kwamba mashine hii haitapata tena marekebisho ya usalama, na kwamba haina uwezo wa kupokea Windows 11. Kwa kifupi, nunua nyingine.

Nilikuwa nimekaa kwenye kibaraza cha baba mdogo, si mbali na barabara ya kwenda Makutano. Ni mzee mwenye ng'ombe wachache wake na wanne wasio wake. Hao wanne ni wa mwalimu mmoja aliyehamia Dodoma. Baba mdogo anawatunza. Maziwa anakunywa na wajukuu zake, samadi anaimwaga shambani, dume analifunga jembe. Ndama wakizaliwa anampigia simu mwenyewe. Akifa mmoja, ngozi haiuzwi mpaka mwenyewe ajue.

“Hiyo mashine si ile ya gazeti?” akaniuliza.

“Ndiyo, baba.”

“Si ulishaachana nao?”

“Tuliachana. Lakini hawajaidai.”

“Hawajaidai.” Akalirudia neno kama mtu anayepima uzito wa kitu mkononi. “Na wewe uliwaambia kwamba unayo?”

Nikasema sikuwaambia, ila wanajua. Akauliza nani anajua. Nikaanza kumtaja yule mhariri, nikakumbuka hayupo. Nikanyamaza. Yeye akaendelea, bila ukali wowote:

“Huyu mwalimu wa Dodoma anaweza kukaa mwaka hajauliza ng'ombe. Ana mambo yake. Akinyamaza hivyo ndiyo napiga mimi. Maana akiuliza kila wiki, kuhesabu ni kazi yake. Akinyamaza, kuhesabu kunakuwa kazi yangu.”

Nikamwambia, baba, hawa watu wananidhulumu, wana pesa zangu. Akauliza kama nimewaandikia kudai. Nikasema niliandika mara moja nikachoka. “Basi dai lako ulilitupa mwenyewe ukashika mashine,” akasema. “Hivyo ni vitu viwili.”

Niliondoka Butiama nimeudhika kidogo. Mtu akikukuta na jambo ambalo umeshalimaliza na nafsi yako, halafu akalifungua kwa swali moja, kuudhika ni lazima.

Tuyaangalie basi hayo mambo mawili.

Madai yangu yalikuwa na mlango wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema wazi kwamba ajira ikikoma mwajiri alipe mshahara uliobaki, likizo na stahiki nyingine, na ampe mfanyakazi cheti cha utumishi. Asipolipa, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mlango huo lakini una muda wake: anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30, mwenye madai mengine ana siku 60, akichelewa aombe kuongezewa muda na aeleze sababu. Mimi siku zote 60 zilinipita nikiwa nyumbani, nimekasirika, nikiandika kwa laptopu yao. Hiyo ndiyo kazi iliyofanya ile mashine. Ilinipa kahukumu kadogo ka siri ambamo mimi ndiye mlalamikaji, mimi ndiye mwamuzi, na mimi ndiye dalali wa kukamata mali. Mlalamikiwa hakuitwa. Na ubaya wa hukumu ya namna hiyo ni kwamba haimfikii aliyekosa. Kampuni haikujua kwamba imehukumiwa, kwa hiyo haikujifunza lolote. Kesho itamfungia ofisi mwingine kwa barua ya ukurasa mmoja.

Kwa hiyo siwezi kusema nilijilipa. Aliyelipwa hutoa risiti. Mimi niliificha laptopu chini ya kitambaa kila alipopita mtu anayefahamiana na ofisi.

Hili la kitambaa ndilo kipimo nilichobaki nacho baada ya sababu nyingine kuanguka. Kama jambo nina haki nalo, kwa nini nalifunika?

Mtu atasema: laptopu moja mbovu, makala nzima ya nini? Nchi hii ina mambo. Kweli ina mambo, na Butiama ni mahali pabaya pa kujaribia hoja hiyo. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliwawekea viongozi masharti ambayo leo yanasomeka kama hadithi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Sisemi yalikuwa mazuri yote. Ninachokiona ni kwamba yalishughulika na swali lilelile la kibandiko: cheo kinakupa vitu vya kutumia, je, mpaka wa kutumia uko wapi? Ndani ya makumbusho ya Mwalimu pale Butiama kuna zawadi alizopewa na watu na mataifa mbalimbali. Ukipita unatazama, unajiuliza: hivi alipewa Julius au alipewa Rais? Nadhani kuviweka mahali ambapo mtoto wa shule anaingia kuvitazama ni jibu mojawapo. Havikufunikwa kitambaa.

Upande wa pili wa historia hiyohiyo kuna nyumba. Kuanzia mwaka 2002 Serikali iliwauzia watumishi wake nyumba za Serikali walizokuwa wakiishi, kupitia Wakala wa Majengo. Ubishi uliozuka haukuisha upesi. Waliouziwa walikuwa na jibu zuri kuliko langu: wao waliruhusiwa, wana karatasi. Lakini watu wa kawaida waliendelea kunung'unika, na nadhani najua kwa nini. Ruhusa ina nguvu pale anayeitoa ana haki ya kuitoa, na haimo mfukoni mwa anayeipokea. Waliouza walikuwa watumishi wa umma, walionunua walikuwa watumishi wa umma, na umma wenyewe ulisoma habari gazetini. Hapo ndipo nchi inapogeuka shamba la bibi: bibi hajafa, yupo, ila hakuna anayemuuliza.

Nikarudi Musoma nimeamua kuwaandikia. Lakini kabla ya kuandika nilitaka mashine isafishwe, maana humo kulikuwa na mambo ya nyumbani kwangu: hesabu za dagaa, vyeti vya mdogo wangu, picha. Nina fundi ninayemwamini Bunda, tulisoma naye. Wiki iliyofuata nilikuwa na kazi huko, nikampelekea.

Ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la simu, nyaya kila mahali. Akaigeuza, akaona kibandiko, akacheka. “Ya ofisi hii.” Si swali. Akaniambia tusihangaike na Windows, anaweza kuniwekea Ubuntu, haiuzwi na haichagui mashine changa. Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na kijana wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth, na mwaka huohuo hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyokuwa inazungumza Kiswahili. Fundi wangu anayapenda mambo hayo, ukimwacha anaongea mpaka jioni. Kisha akanipa ofa. Diski ya zamani ni ya ile aina ya sahani, nzito. Anifungie mpya ya kisasa, laptopu itakimbia kama ya jana, na ile ya zamani aichukue yeye apunguze bei.

“Utaifanyia nini?”

“Nitamfungia mtu mwingine.”

“Na yaliyomo?”

“Si utafuta?”

Nikamwambia mengi nilishafuta zamani. Akanitazama kwa huruma ambayo mafundi huwa nayo kwa wasomi. Akawasha programu moja ya kurudisha mafaili, akaiacha ifanye kazi huku tunakunywa soda. Kufuta, akaniambia, ni kung'oa jina kwenye mlango. Mtu bado yumo ndani mpaka aje mpangaji mwingine akae palepale. Baada ya saa moja mafaili yakaanza kujipanga kwenye kioo. Barua. Picha za mikutano ya Bunda na Tarime. Na folda moja ya sauti niliyokuwa nimeifuta mwaka 2020.

Nilizijua hizo sauti bila kuzifungua.

Wasomaji wa nje ya Mara labda mnaijua habari hii kwa mbali. Kila Desemba inapokaribia, hasa katika miaka ambayo wazee wa mila wametangaza msimu, wasichana hukimbia nyumbani ili wasikeketwe. Ukeketaji wa msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, lakini sheria iko Dodoma na kisu kiko kijijini. Zipo nyumba salama, Butiama na Mugumu, zinazowapokea. Nimeandika habari hizo kwa miaka. Kwenye folda ile kulikuwa na wasichana saba, kila mmoja na sauti yake, wakitaja majina: la baba, la kijiji, la shangazi aliyemtorosha, la mzee aliyepokea ng'ombe. Wote niliwaahidi kitu kimoja. Niliwaambia, jina lako halitatoka.

Gazetini halikutoka. Lakini pale Bunda lilikuwa linatoka, herufi kwa herufi, kwenye chumba chenye mlango wazi, na nusura niliuze kwa punguzo la bei ya diski.

Nilikuwa nimeshughulika miaka mitatu na swali la nani mwenye laptopu. Nikamwomba fundi azime. Akazima bila kuuliza. Nikalipa diski mpya bei nzima, ya zamani nikaiweka kwenye bahasha nikaishika mkononi njia nzima mpaka Musoma, kama mtu aliyebeba mayai.

Na hapa suala likageuka gumu kuliko nilivyofikiri. Nikirudisha mashine na diski yake kama mwaminifu, nawakabidhi sauti za wasichana saba watu ambao hawajui hata kwamba zipo, katika kampuni ambayo watu wake wamebadilika. Nikiharibu diski, naharibu kitu chenye namba ya mali ya mtu mwingine, na yaliyomo pia niliyakusanya kwa mshahara wao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haimchekei anayeharibu data bila idhini. Kuna tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayomtaka anayeshika taarifa za mtu azitumie kwa lengo lililokusudiwa na azilinde. Anayeshika ni nani hapa? Kampuni iliyosahau, au mimi niliyeficha?

Kiswahili kina maneno mengi ya kitu cha mtu kilichoko mkononi mwako. Kuna azima, kuna mkopo, kuna rehani, kuna amana. Azima unatumia kisha unarudisha. Mkopo unarudisha kingine cha thamani ileile. Amana hukuombwa uitumie hata kidogo, uliombwa uitunze. Laptopu ilikuwa azima ya kazi: nilipewa niitumie, kazi ikaisha, muda wake ukaisha. Zile sauti zilikuwa amana. Hazikuwa za kampuni kwa sababu ililipia diski, kama vile sanduku la benki halimiliki hati za nyumba zilizomo. Na hazikuwa zangu kwa sababu nilishika kinasa sauti. Kosa langu la kwanza, la kukaa na azima, ni dogo na lina dawa. Kosa la pili ni kwamba nilivichanganya. Niliposema moyoni “hii ni yangu sasa”, niliikokota na amana humohumo, nikaihesabu kama takataka ya mwenye mashine wa zamani, kitu cha kufuta ili kupata nafasi ya filamu.

Nikaandika barua. Niliiandika mara nne, maana mara tatu za kwanza ilikuwa imejaa madai. Ya nne ilikuwa na mambo matatu tu. Kwamba nina laptopu yenu, namba yake hii, naomba radhi kwa kutowaarifu miaka mitatu. Kwamba diski yake ya zamani ina sauti za watoto walioahidiwa siri, nami naomba isirudishwe wala kufunguliwa na mtu mpaka tukubaliane namna ya kuwalinda. Kwamba naomba mniambie kama niirudishe au niinunue. Madai yangu ya posho nikayaandikia barua nyingine, siku nyingine.

Baada ya siku tisa akanipigia mtu wa utawala, sauti changa, mpole. “Kaka, hiyo mashine hata kwenye daftari letu ilishaondolewa. Wewe kaa nayo tu.” Nikakaribia kusema asante nikate simu. Nikamkumbuka mwalimu wa Dodoma. Nikauliza kama anaweza kuniandikia. Akashangaa. “Niandike kwamba unakaa na kitu tulichokisahau?” Nikamwambia ndiyo, mistari miwili inatosha, ila isainiwe na mwenye mamlaka ya kutoa mali, na mstari wa pili useme kuhusu zile sauti. Kukaenda wiki tatu. Barua ikaja. Mashine imetolewa bila malipo. Kumbukumbu za mahojiano zibaki chini ya uangalizi wa mwandishi “kwa mujibu wa maadili ya taaluma”. Madai ya posho hayajajibiwa mpaka leo, na nimeanza kuuliza Tume kuhusu kuongezewa muda. Huenda nikakataliwa. Kuchelewa ni kwangu.

Ningeweza kuishia hapa. Mashine yangu, karatasi ninayo, kitambaa hakihitajiki. Lakini “uangalizi wa mwandishi” ni maneno ya watu wawili ambao si wenye sauti. Kampuni imenipa mimi, mimi nimepokea. Hapa nami nilikuwa nimeuziwa nyumba ya Serikali.

Kati ya wale saba, watatu nilikuwa na njia ya kuwapata bila kuwaharibia. Mmoja yuko Musoma, anashona. Nimebadilisha jambo moja mawili hapa ili asitambulike, na yeye amesoma aya hizi kabla yenu. Sasa ni mwanamke mzima. Nilimwendea na mke wangu, tukakaa, nikamweleza kwa kuzungukazunguka: kuna mahojiano, unakumbuka, mwaka ule. Kwamba bado yapo. Kwamba naweza kuyaharibu kabisa, fundi amenionyesha namna, au nikayatunza, achague yeye.

Alikuwa anapima kitambaa. Akaacha.

“Kumbe bado mnayo?”

Sikuwa na la kujibu. Ni swali la baba mdogo, ila kwake lilikuwa na uzito mwingine. Miaka yote alijua kwamba alizungumza, mazungumzo yakaisha, gazeti likatoka, yakaenda. Hakujua kwamba mahali fulani yeye wa miaka 14 bado anazungumza, anataja jina la baba yake, na kwamba sauti hiyo ilipanda daladala hadi Bunda ikakaribia kuachwa mezani.

Nikamwambia naomba msamaha. Akauliza imo dakika ngapi. Nikasema 31. Akafikiri.

“Usiharibu,” akasema. “Na wewe usikae nayo. Nipe mimi.”

Nilikuwa nimemwandalia machaguo mawili, kuharibu au kutunza, na yote mawili mwenye mkono juu ya diski nilikuwa mimi. La tatu halikunijia kabisa: kwamba mwenye kitu anaweza kutaka kitu chake.

Tulirudi Jumapili na flashi. Niliihamisha mbele yake, nikamwonyesha namna ya kufungua kwenye simu yake. Akasema atasikiliza siku akiwa tayari, labda na binti yake akikua. Kisha nikafuta nakala yangu kwa ile programu ya fundi inayoandika juu ya kila kitu, ikachukua muda mrefu, sote tukikitazama kile kimstari kinavyosogea huku yeye akiendelea kushona. Wawili wengine nimewatumia ujumbe kupitia watu wanaowaamini. Wanne sijui pa kuanzia. Diski iko kwenye bahasha, bahasha iko kabatini, na mke wangu anajua ilipo.

Kibandiko sijakitoa. Barua ya kampuni nimeikunja nimeiweka kwenye mfuko wa begi la laptopu, ili atakayeuliza nimwonyeshe. Mpaka sasa aliyewahi kudai kitu kilichokuwa ndani ya mashine hii ni mmoja tu, na ameshapewa chake. Wanne hawajauliza. Kwa hiyo kuhesabu bado ni kazi yangu.